Kuvaa Unavyojisikia Vizuri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa kila namna: aliyechoka kununua, aliyenenepa juzi, anayeanza kazi mpya, na yule ambaye kabati limejaa hadi mlango haufungi lakini kila asubuhi analalamika hana nguo. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Kuvaa kwa starehe si ndiko kuvaa ovyo?

Hapana, na dhana hii imewapoteza wengi. Mtu akisikia "starehe" inamjia akilini suruali ya kulalia iliyopauka magotini na fulana yenye tundu kwapani. Hizo zinastarehesha kitandani. Ukienda nazo kwenye kikao utakosa raha kuliko aliyevaa suti, maana utashinda umejificha nyuma ya meza. Mwili unataka usibanwe, na moyo unataka usiwe na wasiwasi. Nguo inayoridhisha kimoja na kukiudhi kingine haijakustarehesha bado.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kwamba nguo nzuri unaisahau ukishaivaa. Huivuti chini kila ukiinuka, hulegezi kola kila dakika, huchunguli kifua kuona kama kifungo kimefunguka. Kinachomfanya mtu aonekane ovyo ni mambo mengine: uchafu, mikunjo, pindo lililofumuka, rangi iliyochujuka, nguo iliyopwaya au kuzidiwa na mwili. Kitambaa laini na kiuno chenye lastiki havina hatia hapo.

Nitaujuaje mtindo wangu mwenyewe?

Usianzie dukani wala kwenye picha za watu wengine. Anzia kwenye kapu la nguo chafu. Kabatini zimo nguo ulizonunua ukijiwazia kuwa mtu fulani. Kapuni zimo zile unazovaa kweli.

Kwa wiki tatu au nne, tazama nguo zipi zinarudi kufuliwa tena na tena. Kisha zitandaze kitandani uzihoji. Shingo zake ni za duara au zimechongoka? Mikono inaishia wapi? Kiuno kinakaa juu ya kitovu au chini yake? Kitambaa ni kizito au chepesi? Zina mifuko? Rangi zimetulia au zinapiga kelele? Utashangaa majibu yanavyofanana. Kuna mtu atanunua magauni ya maua miaka nenda miaka rudi, na kila siku ya Mungu anatoka na suruali pana ya buluu na shati jeupe. Mtindo anao tayari, ila hajawahi kuutambua kwa kuwa haukumjia kwa jina.

Halafu geuza swali. Ukifika nyumbani unavua nini kwanza? Mkanda? Sidiria? Viatu? Soksi zenye lastiki kali? Hicho cha kwanza ndicho kilichokutesa kutwa, na ndicho cha kubadilisha kabla ya kingine chochote. Wapo wanaodai hawawezi mavazi rasmi, kumbe ugomvi wao ni na suruali moja tu yenye kiuno kigumu.

Ukimaliza, jiandikie maneno machache yanayoeleza ulichokiona. Yawe maneno ya vitu vinavyoshikika: "pana, rangi moja, ina mifuko", au "nzito kidogo, inafika kifundoni, haina urembo". Maneno kama "ya kifahari" au "ya kisasa" hayakusaidii kitu, kwa sababu muuzaji yeyote ataapa kwamba nguo yake iko hivyo. Lakini hakuna awezaye kukuapia kuwa sketi isiyo na mfuko ina mfuko.

Nikiacha kufuata mitindo sitaonekana nimepitwa na wakati?

Anayepitwa haraka zaidi ni yule anayeifuata. Kinachozeeka kwenye nguo ni kile kilichozidishwa: kola pana kama mabawa, mabega yaliyojazwa sifongo, suruali iliyobana hadi kifundoni au iliyopanuka hadi kufagia njia. Nguo isiyo na makuu haina pa kuzeekea.

Angalia jinzi. Jacob Davis na Levi Strauss walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba tarehe 20 Mei 1873, na hadi leo hakuna anayeshangaa kumwona mtu amevaa jinzi. Tisheti nayo ilianza kama nguo ya ndani. Jeshi la majini la Marekani liliwapa mabaharia wake mwaka 1913. Zote mbili zilikusudiwa watu wanaotoka jasho, wanaoinama na kubeba. Labda ndiyo maana zimeishi.

James Laver, mwanahistoria wa mavazi wa Uingereza, alitunga mwaka 1937 kipimo cha utani kinachoonyesha jinsi macho yetu yanavyotucheza. Nguo ikitangulia wakati wake kwa miaka 10 watu huiona ni utovu wa adabu. Ikifika wakati wake inapendeza. Mwaka mmoja baadaye imechusha, baada ya miaka 10 haitazamiki, baada ya 30 inachekesha, na baada ya 150 watu wanaisifu kwa uzuri. Nguo yenyewe haijabadilika hata uzi mmoja.

Kwani mitindo huamuliwa na nani?

Zamani mteja alikwenda kwa mshoni akamweleza anachotaka. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba yake ya mavazi Paris mwaka 1858, aligeuza mambo: alibuni mwenyewe, akawavalisha wasichana wapite mbele ya wateja, akashonea jina lake ndani ya nguo, na mteja akabaki kuchagua kati ya alivyopangiwa. Tumeishi ndani ya mpango huo tangu hapo.

Kwa nini tunakubali? Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1904 kwamba mtindo unaendeshwa na tamaa mbili zinazovutana: kufanana na wenzako na kujitofautisha nao. Walio juu hujitenga kwa mavazi, walio chini huwaiga, na wakishafanana, walio juu hukimbilia kingine. Kwa maneno mengine, mtindo ukishatufikia wewe na mimi umeshaanza kufa. Siku hizi mzunguko huo umekwenda mbio mno, kwa kuwa kiwanda kinaweza kuona picha kwenye simu leo na baada ya wiki chache nguo iko sokoni. Ukitaka kushindana na kasi hiyo, wahenga walishaonya kuhusu anayemwiga tembo, na wenye suruali za kubana wanajua hasa msamba hupasukia wapi.

Watu wataniona vipi nikivaa tofauti nao?

Wengi hawatakuona kabisa. Mwaka 2000 wanasaikolojia Thomas Gilovich, Victoria Medvec na Kenneth Savitsky walichapisha jaribio moja la kuchekesha. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa chuo angeona haya kuonekana nayo, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Alipoulizwa, alikisia kuwa karibu nusu yao wangemtambua aliye kwenye picha. Waliomtambua walikuwa kama robo.

Kila mtu mle chumbani alikuwa na shughuli yake, pengine akihangaikia fulana yake mwenyewe.

Kutaka starehe si mambo ya kizazi hiki kisichopenda kujibana?

Ni mambo ya zamani sana, na waliotangulia walilipia. Mwaka 1851 huko Marekani, Amelia Bloomer, mtetezi wa haki za wanawake, alitetea gazetini vazi la suruali pana chini ya sketi fupi, kwa sababu magauni ya wakati ule yalikuwa mazito na yakiburura matopeni. Alichekwa na kuchorwa katuni, na baada ya miaka kadhaa akarudia magauni marefu. Paris ilikuwa na amri ya mwaka 1800 iliyomtaka mwanamke anayetaka kuvaa kiume apate kibali cha polisi. Baadaye ililegezwa kidogo: aliruhusiwa suruali akiwa ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Serikali ya Ufaransa ilikuja kutamka rasmi kwamba amri ile haina nguvu mwaka 2013. Naam, 2013.

Na kitambaa laini cha kufuma tunachokiita jezi, ambacho leo kinashonewa magauni ya heshima, kilikuwa cha nguo za ndani za wanaume kabla mbunifu wa mavazi Coco Chanel hajakitumia kwa nguo za wanawake katika miaka ya 1910.

Nitajuaje kama nguo imenikaa?

Usiishie kusimama mbele ya kioo. Kioo kinakuona umesimama wima na umevuta tumbo ndani, na hakuna anayeishi hivyo. Ukiwa kwenye chumba cha kujaribia, keti kitako kabisa kisha uinuke. Chuchumaa kama unayefunga kamba za kiatu. Inua mikono yote miwili juu. Jikumbatie, kila kiganja kikishika bega la upande wa pili. Piga hatua ndefu. Baada ya hapo tazama kioo bila kujirekebisha. Kama nguo imerudi mahali pake yenyewe, imekukaa. Ikiwa imepanda, imejikunja kiunoni au imezunguka pembeni, basi kutwa utakuwa mtumishi wake.

Anza kukagua mabegani. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia, isipokuwa nguo imebuniwa makusudi ishuke. Hapa ndipo pagumu kurekebisha, kwa hiyo bega likikataa, rudisha nguo hata kama vingine vyote vinapendeza.

Pili ni pale mkono wa nguo unapoungana na kiwiliwili. Wengi hudhani tundu kubwa linaloning'inia chini ya kwapa ndilo linaloachia mkono. Ni kinyume. Tundu likishuka sana, ukiinua mkono unainua nguo nzima. Likikaa karibu na kwapa bila kulibana, mkono unakwenda na kiwiliwili kinabaki palepale. Ukitaka kulithibitisha, vaa shati lako pana kuliko yote ujaribu kufikia rafu ya juu.

Tatu ni suruali, ambayo ina siri yake. Mtu akisema "inanibana mapaja" mara nyingi tatizo liko kwenye urefu wa kutoka msamba hadi kiunoni. Ukiwa mfupi, kitambaa kinavutwa kutoka mbele na nyuma, na kila kitu chini yake kinabana. Kuchukua saizi kubwa zaidi hakuponyi. Utapata suruali inayopwaya kiunoni na bado inakata msambani. Tafuta iliyokatwa juu zaidi. Kumbuka pia kwamba kiuno chako ukiwa umeketi kinazidi kile cha ukiwa umesimama, kwa hiyo vidole viwili viingie kwa urahisi ukiwa kwenye kiti.

Mikunjo nayo inasema. Mistari inayokimbia kuelekea kwenye kifungo inaonyesha pamebana hapo. Mikunjo inayoning'inia kama pazia inaonyesha kitambaa kimezidi.

Mbona saizi yangu inabadilika kila duka?

Kwa sababu namba ile si kipimo cha kitu chochote. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000 ikitafuta mpangilio mmoja wa saizi, na hesabu ya mwisho ikawa ya wanawake weupe peke yao. Kwa kutumia vipimo hivyo kilitolewa kiwango mwaka 1958. Miili haikukitii, watengenezaji wakakiacha, na mwaka 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila kampuni inajipangia, na nyingi zimekuwa zikipanua nguo huku zikipunguza namba ili mnunuzi afurahi.

Chukua inayokukaa. Namba ikikuuma roho, ondoa lebo.

Kitambaa gani kinastarehesha zaidi?

Inategemea unatoka jasho kiasi gani na utashinda wapi, lakini tabia za vitambaa zinajulikana.

Pamba ni laini, inafyonza jasho vizuri na inavumilia kufuliwa. Kasoro yake ni kwamba ikishalowa inakaa na maji muda mrefu, kwa hiyo kwenye mazoezi makali itakugandia, na kwenye baridi itakupoza vibaya. Kitani kinafyonza na kukauka upesi, na kwa kuwa ni kigumu kidogo hakigandi mwilini, hewa inapita. Kinakunjamana, ndiyo. Mikunjo ya kitani ni tabia yake ya kuzaliwa, na anayehangaika kuinyoosha kila saa angechagua kitu kingine. Sufu nyembamba watu huiogopa bure wakidhani ni ya baridi tu na inawasha. Inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na haishiki harufu upesi. Inayowasha ni ile yenye nyuzi nene.

Poliesta haifyonzi maji kwa kiasi cha kuhesabika, chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Ndiyo maana hukauka haraka, na ndiyo maana jasho hubaki likiteleza juu ya ngozi. Pia hung'ang'ania mafuta ya mwili, na ile harufu inayofufuka dakika tano baada ya kuvaa nguo safi hutokana na hayo. Viskosi hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za mti, inaangukia mwili vizuri na ni baridi, ila ikilowa inadhoofika, kwa hiyo isikamuliwe kwa nguvu.

Usisome lebo tu, maana ufumaji nao una lake. Pamba iliyofumwa kwa kubanwa inaweza kukuchemsha kuliko poliesta yenye matundu. Inyanyue nguo uitazame kwenye mwanga, kisha ikunje ndani ya ngumi kwa sekunde kadhaa uone inavyofunguka. Iguse kwa shingo au upande wa ndani wa mkono, kwa sababu ncha za vidole zimezoea kugusa kila kitu na zinasamehe.

Kuhusu elastini, uzi wa kunyumbuka uliobuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958: asilimia 2 au 3 kwenye suruali inatosha kukupa nafasi ya kuketi bila kugeuza suruali kuwa soksi. Joto ndilo adui yake. Pasi kali na mashine ya kukaushia huua mnyumbuko, na magoti hubaki yamevimba.

Je, nguo za kubana zina madhara ya kiafya, au ni maneno ya wazee?

Wazee hawakukosea sana. Upande wa nje wa paja unapata hisia kupitia mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga, na mkanda au suruali inayobana hapo inaweza kuukandamiza. Dalili zake ni ganzi, mchomo au kuwashwa kwa ngozi ya paja. Mara nyingi hupungua chanzo kikiondolewa. Mwaka 2015 madaktari wa Australia walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 35 aliyeshinda akichuchumaa akiwa amevaa jinzi ya kubana, akimsaidia ndugu yake kuhama. Miguu ilivimba, ikafa ganzi, akaanguka akitembea. Hospitalini ilibidi jinzi ikatwe, na alikaa huko siku nne.

Hicho ni kisa cha nadra na sitaki kumtisha mtu. Lakini ganzi isiyoisha baada ya kuvua nguo si ya kuvumilia, muone daktari.

Na viatu? Muuzaji anasema vitalegea.

Ngozi hutanuka kidogo upana. Urefu hauongezeki. Kiatu kinachogusa kidole leo kitakigusa mpaka kitupwe.

Nenda kujaribu jioni, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na uende na soksi utakazovaa nacho. Mguu mmoja kwa kawaida ni mkubwa kuliko mwingine, basi nunua kwa kufuata mkubwa. Acha kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Ukiwa nyumbani, simama juu ya karatasi, zungusha kalamu kuchora wayo wako, kisha weka juu ya mchoro kila kiatu ulicho nacho. Wayo ukichungulia nje ya kiatu, umepata maelezo ya sugu zako.

Visigino virefu, kama wengi hawajui, vilivaliwa na wapanda farasi wa Uajemi ili mguu ushike kikuku cha tandiko, kisha wanaume wa Ulaya wakavichukua. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alijulikana kwa visigino vyekundu. Asiye na farasi anaruhusiwa kuviacha.

Kazini wanataka mavazi rasmi. Nifanyeje?

Soma kanuni yenyewe, iliyoandikwa. Mara nyingi inadai mambo machache: kola, suruali isiyo jinzi, viatu vilivyofungwa. Yaliyobaki ni mazoea ambayo watu huyaogopa kama sheria. Ndani ya hayo machache kuna nafasi kubwa ya kustarehe: suruali ya sufu nyembamba yenye lastiki iliyofichwa pembeni mwa kiuno, koti lisilo na bitana nzito wala mabega ya kujaza, shati la kitambaa cha kufuma lenye kola ya kawaida, kiatu cha chini kilichopigwa rangi. Urasmi unaonekana kwenye umbo safi, rangi iliyokolea na pasi. Hakuna atakayeinama kupima kama kiuno chako kinavutika.

Kama ni sare, peleka kwa fundi ikarekebishwe kwa mwili wako. Sare nyingi huchukiza kwa sababu zimekatwa kwa mtu asiyekuwepo.

Niliambiwa mwili wangu haufai mistari ya kulala. Kweli?

Huu ni ushauri unaorudiwa bila kupimwa. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kuwa mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko ule wa mistari ya kusimama. Mwaka 2011 Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York wakajaribu jambo hilo kwa picha za watu waliovaa mistari, na hawakuona kuwa ile ya kulala inanenepesha.

Hata hivyo swali lenyewe linanikera kidogo. Orodha za "umbo la peari lisivae hiki, umbo la tufaha lisivae kile" zinadhani lengo la kila mwili ni kufanana na mwingine. Kama unapenda mistari, vaa mistari.

Nivae rangi gani?

Zile zinazojirudia kapuni. Ukiwa na shaka, shika nguo karibu na uso kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa za dukani, uone kama uso umechangamka au umefifia. Ukiipenda rangi inayokufifisha, ivae chini ya kiuno.

Ni vibaya kuvaa aina moja ya nguo kila siku?

Si vibaya, mradi zinafuliwa. Steve Jobs wa kampuni ya Apple alishonewa na mbunifu wa Japani Issey Miyake sweta nyeusi za shingo ndefu kwa wingi na akazifanya vazi lake la kila siku. Wengine wangechoka baada ya wiki. Usijilazimishe sare kwa sababu mtu maarufu aliivaa. Hapo utakuwa umeanza tena kumfuata mtu.

Mwenzangu wa nyumbani hapendi ninavyovaa.

Muulize hasa ni nini asichokipenda. Akisema "hiyo suruali imechakaa" au "shati limekubana mgongoni", msikilize, kwa kuwa yeye anauona mgongo wako na wewe huuoni. Akisema "watu watasemaje", hilo ni suala lake na hao watu. Ziko siku za kumridhisha pia: harusi ya ndugu, msiba, sherehe ya mkwe. Saa chache za kola ngumu kwa heshima ya mtu umpendaye hazimvunjii mtu mtindo wake.

Naweza bado kupenda fasheni?

Kwa nini usipende? Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na kutazama mavazi mapya ni burudani kama kutazama mpira. Si lazima mtazamaji aingie uwanjani. Mtindo mpya ukigusa kitu ambacho tayari kiko kwenye maneno yako machache, mathalani ukipenda suruali pana na ghafla ziko kila mahali, nunua za kutosha wakati huo, kwani zitaadimika tena. Usipogusa, subiri miezi michache. Hamu nyingi hupoa zenyewe.

Nitupe nguo zote nianze upya?

La hasha. Kutupa kila kitu na kununua "kabati jipya la mtindo wako" ni fasheni nyingine iliyovaa miwani. Hamisha usizovaa mahali pengine kwa miezi kadhaa, na uandike sababu ya kila moja kukataliwa: inawasha, haina mfuko, inataka pasi kila mara. Orodha hiyo itakuzuia kununua dada yake. Baadaye gawa zilizo nzima.

Nikinunua kwa mtandao nitajaribuje?

Chukua nguo yako inayokukaa kuliko zote, ilaze bapa mezani, upime: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, msamba hadi kiunoni mbele na nyuma, urefu wa mkono. Weka vipimo hivyo kwenye simu na uvilinganishe na vipimo vya nguo. Muuzaji asiyetoa vipimo vya nguo yenyewe, mwache. Picha ya aliyevaa haikuambii kitu, maana nyuma ya mgongo wake huenda pamejaa pini.

Mwili wangu umebadilika. Ningoje urudi ulivyokuwa?

Usingoje. Unaishi ndani ya huu wa leo. Nunua chache zinazokaa sasa, hata kama ni suruali mbili na mashati matatu. Nguo inayobana kila asubuhi haijawahi kumsaidia mtu kupungua.

Lebo na mishono inaniwasha shingoni. Nikate?

Usikate kwa mkasi, kitabaki kipande kigumu kinachochoma zaidi. Fumua nyuzi moja moja kwa kifumulio au sindano. Kama mshono wenyewe ndio unaowasha, tafuta nguo zenye mishono iliyolazwa bapa, au vaa fulana nyembamba ndani.

Fundi anaweza kurekebisha nini, na nini hawezi?

Anaweza kufupisha mikono na miguu, kupunguza kiuno, kuingiza pembeni shati linalopwaya, kubadilisha zipu, kuongeza mfuko ndani ya mshono wa sketi. Kutanua inawezekana pale tu mshonaji wa kwanza alipoacha kitambaa cha ziada ndani, kwa hiyo geuza nguo uangalie kabla hujainunua. Mabega, tundu la mkono na urefu wa msamba ni kazi kubwa, na gharama yake inaweza kushinda bei ya nguo. Nguo ya pamba ifuliwe na kukaushwa kwanza kabla ya kupelekwa, isije ikaruka baada ya kukatwa. Na siku ya kupimwa, nenda na viatu utakavyovaa nayo.